Adabu ya Kusema Nimefahamu

Mjukuu wangu alirudi nyumbani wakati wa mchumo wa karafuu akiwa amefaulu kalkulasi ya kwanza, na mimi nikamfungia ndani. Sikutia kufuli. Nilitoa amri tu, na katika nyumba yetu hapa Gando, Pemba, amri ya mzee inatosha. Niliwaambia wote kuwa msichana asiitwe shambani, asitumwe dukani wala asikalishwe jamvini kuchambua karafuu, kwa sababu anajitayarisha. Chumba cha nyuma, ambacho kawaida tunawekea magunia, nilikifagia kwa mkono wangu, nikamtilia meza na kiti, nikamwambia hicho ndicho chuo chake mpaka likizo iishe.

Anasomea uhandisi huko Bara. Likizo ikimalizika alikuwa anaanza kalkulasi ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu. Mwenyewe alitueleza kuwa waliomtangulia waliingia vichwa juu wakatoka na sapu, yaani mtihani wa kurudia, na sapu nayo ikikushinda ni disko, unafungasha virago vyako unarudi kwenu. Alilieleza jambo hili akicheka. Mimi sikucheka. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika alipofika yeye. Aliyekaribia ni mimi, na mimi niliishia kidato cha sita.

Niseme kidogo kuhusu huko nilikoishia, maana bila hilo mtu hatajua kwa nini nilijiona nina la kumfundisha. Nilikuwa mzuri wa hesabu. Kalkulasi ilipoanza, sehemu ya mwanzo ilinikuta tayari. Ni hesabu ya kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani, na ina kanuni zake, na mimi kanuni nilizihifadhi kwa ghibu, kama tulivyohifadhi sura za Kurani tangu utotoni, nikizisoma kwa moyo njia nzima ya kwenda na kurudi kisimani. Mtihani ukauliza kanuni, nikajibu kanuni. Ikaja sehemu ya pili, ya kwenda kinyume. Unapewa kasi, unatakiwa utafute kitu kizima kilichozaa kasi ile. Huko swali halikwambii linataka kanuni ipi. Unalitazama, nalo linakutazama, na njia unatakiwa uione mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema. Kila akijaza ubao aligeuka akauliza, "Mmefahamu?" Nasi darasa zima, "Tumefahamu, Mwalimu." Kusema hujafahamu kulikuwa ni kumwambia mtu mzima mbele ya watoto kwamba hakufundisha. Hakuna aliyetukataza. Tulilelewa hivyo, nyumbani na kwenye chuo cha Kurani, kwamba mkubwa akikueleza jambo unaitikia. Na mimi niliitikia, pengine kwa sauti kuliko wenzangu, na kila siku ubao ule ukawa mbali zaidi na mimi. Nilinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeanguka, nikarudi Pemba kutoka shule ya bweni, nikawa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Nikasimama mbele ya watoto wa watu maisha yangu yote, na kila mwisho wa somo nikawauliza kama wamefahamu, wakaniitikia kwa pamoja, nikenda nyumbani nimeridhika. Wangapi niliwaacha njiani kwa utamu wa sauti ile, sijui.

Basi huyo ndiye aliyejipa kazi ya kumtayarisha mjukuu.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kutwa anasoma peke yake. Baada ya sala ya Alasiri naingia mimi, nakaa juu ya gunia karibu na mlango, nashika karatasi zake za kanuni, naye anasoma kwa moyo, macho ameyaelekeza ukutani. Ananitajia kanuni ya kubadilisha kigezo, ya kugawa kwa sehemu, ya kuvunja sehemu kubwa kuwa ndogo ndogo, na zile za saini na kosaini ambazo zinafanana kama watoto pacha. Mimi nafuata kwa kidole kwenye karatasi. Hakukosea. Akimaliza namsifu kwa sauti, ili waliopo uani wasikie.

Na uani kulikuwa na watu. Wakati wa mchumo nyumba yetu haina kimya. Karafuu mbichi zikishuka kutoka shambani zinamiminwa jamvini, na wanawake wanazizunguka, wanatenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishikilia, vidole vinafanya kazi na midomo inafanya yake. Bibi yake, mke wangu, alikuwa akikaa makusudi upande wa dirisha la chumba kile.

"Mke mwenzangu," anamwita mjukuu wake, kama bibi wanavyotania wajukuu wa kike, "wewe umepata mume mwenye wivu. Mimi alinioa sikufungiwa hata siku moja."

Shangazi yake anadakia kuwa mume mwenyewe hana meno, wivu wa nini. Wanacheka wote. Na ndani ya chumba, mimi nimo kwenye gunia langu, naona msichana anatabasamu huku ameangalia dirisha, halafu tabasamu linakatika na macho yanarudi ukutani. Nilidhani hiyo ndiyo bidii.

Alipungua kula. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nikamwuliza kama masomo yanaingia, akasema yanaingia. "Umefahamu yote?" "Nimefahamu, Babu." Nikatoka.

Siku moja mvua ilitushukia bila hodi. Karafuu zilikuwa zimeanikwa, nyingine karibu kukauka, na kila mwenye karafuu anajua maji yakizigusa hapo zinaharibika rangi na thamani. Watu wakakimbia wakakunja majamvi na karafuu zake ndani, na mahali pakavu penye nafasi palikuwa ni chumba kile tu. Wakaingia wote, wamelowa, wanacheka, wakamwaga mzigo pembeni mwa meza ya mwanafunzi. Harufu ikajaa hata pumzi inawasha. Shangazi akakaa juu ya meza. Bibi akakaa kitini. Msichana akasimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona uso wake umefunguka.

Hapo ningemwacha. Lakini mimi nilitaka waone matunda ya amri yangu. Wengine walikuwa wameanza kunung'unika kwamba mikono ya kuchambua ni michache na mmoja kakaa bure ndani. Nikachukua makaratasi ya chuoni kwake, nikafunua kurasa za mwisho, nikachagua swali moja, fupi, halifiki nusu ya mstari. Nikamwambia, "Hebu wafanyie hili, wakuone."

Akaichukua karatasi. Akalitazama swali. Akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Babu, hili ni la mada gani?"

Nikamwambia sijui la mada gani, limeandikwa hapo, alifanye tu. Alikaa nalo. Akashika kalamu, akaandika swali lenyewe upya, kwa mwandiko mzuri sana, halafu mkono ukasimama. Nje mvua inapiga mabati.

"Kwani hilo swali halina kwao?" bibi yake akauliza. "Mpaka litaje ukoo ndiyo lijibiwe?"

Wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Lakini mimi nilielewa wakati ule ule. Kila swali aliloweza lilikuwa chini ya kichwa cha habari. Kichwa kikisema tumia njia hii, anatumia njia hii. Mimi nilikuwa nimefunua kurasa za mwisho, ambako wameyachanganya yote bila kuyapa vichwa, kama mtihani unavyoyachanganya. Alikuwa na funguo zote mkononi na hajui hata mmoja unafungua mlango upi. Nilimjua mtu huyo. Nilikuwa nimekaa naye darasa moja, dawati moja, ndani ya ngozi moja.

Akaweka kalamu. Akasema polepole, si kwa kunikusudia mimi tu, bali kama mtu anayetua mzigo, "Babu, sijafahamu. Hata ile ya kwanza nilifaulu, lakini sikufahamu."

Ningeweza kusema maneno mengi hapo. Nililosema ni hili: "Nyamaza. Usiseme hivyo mbele za watu."

Nimefanya makosa mengi na mengi nimeyasahau. Hili linanijia ninapotia udhu, ninapokula, ninapovaa viatu. Msichana alikuwa amesema neno ambalo mimi sikuthubutu kulisema nikiwa mwanafunzi wala mwalimu, na wa kwanza kumziba mdomo nikawa mimi.

Mvua ilipoanuka wakatoa majamvi yao na vicheko vyao, naye akabaki amekaa. Hakulia. Kesho yake nilipoingia baada ya Alasiri aliniambia hana haja ya kusikilizwa. Ameamua kuandika barua chuoni aombe kuhama. Zipo kozi zisizokuwa na hesabu hizi, akahamie huko kabla ya jina lake kubandikwa ukutani pamoja na walioanguka. Alilisema kwa utulivu, hata kwa nafuu, kama mtu aliyeonyeshwa dirisha. Alikuwa ameutaka uhandisi tangu akiwa mdogo, tangu alipomwona mwanamke mmoja amevaa kofia ya plastiki akisimamia ujenzi wa daraja la njia ya Wete. Nikamwambia afikirie. Akanijibu kwa heshima, "Ndiyo, Babu," na nilijua maana ya ndiyo ile.

Nilikwenda kumlalamikia mke wangu, aliyekuwa anapepeta mchele. Nilitaka anisaidie kumwambia mtoto asikate tamaa. Hakuinua kichwa.

"Umemwuliza mbele yetu, akakujibu kweli, ukamwambia anyamaze. Sasa amenyamaza. Unataka nini?"

Nikawa sina pa kwenda. Barazani kulikuwa na wenzangu, na kila nilipofika barazani neno lao la kwanza lilikuwa, "Enhe, injinia wetu vipi?" kwa sababu mimi ndiye niliyewazoesha kuuliza. Ndani kulikuwa na mlango wa chumba cha nyuma. Nikawa nazunguka kati ya hapo na pale kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nikisema anaendelea vizuri, naongeza kufuli nyingine katika mlango wake, maana maneno hayo yatamfikia na itambidi ayaishi. Nikisema kweli, nimemwaibisha. Nikafanya ninachokijua. Nikatabasamu, nikasema alhamdulillahi.

Asubuhi moja niliingia chumbani wakati si wa kusikilizana. Alikuwa anapanga nguo. Nikakaa juu ya gunia nikamwambia, "Nifundishe mimi hiyo hesabu."

Akanitazama kama ninayemtania. "Babu, hii utaiweza wapi?"

"Niliiacha nikiwa mdogo kuliko wewe. Nianzishe pale mwanzo."

Nadhani alikubali kwa sababu ya adabu tu. Alichora mstari uliopinda kama mgongo wa kilima, akasema tunatafuta eneo lililo chini yake. Kilima hakina umbo la kupimika, kwa hiyo unakikata vipande vyembamba vilivyosimama, unapima kimoja kimoja, unavijumlisha. Akatazama mkeka niliokuwa nimewekea miguu. Ni kama ukili, ule utepe wa mkeka uliosukwa, akasema, mshonaji hafumi mkeka mzima kwa pamoja, anashona ukili na ukili mpaka upana unatimia. Mimi nikatikisa kichwa, nikasema, "Ee, ee, nimefahamu."

Akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. Halafu akasema, "Babu, umeitikia kabla sijamaliza."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimefahamu chochote baada ya kilima. Niliitikia kwa sababu sauti yake ilishuka kama sauti ya anayemaliza, na mwili wangu umezoea kuitikia hapo. Nilikaa na aibu yangu. Mtu wa umri wangu, mbele ya mtoto niliyemwogesha mwenyewe. Neno lilikuwa dogo na halikutaka kutoka.

"Sijafahamu," nikasema. "Hapo kwenye vipande. Kwa nini viwe vyembamba?"

Alianza kujibu haraka, kwa maneno ya kwenye karatasi. Nikamwambia bado. Akajibu kwa njia nyingine. Nikamwambia bado, na safari hii haikuwa vigumu sana. Akakaa kitako sakafuni, chini yangu, akautazama mchoro wake mwenyewe kwa muda mrefu. "Subiri," akasema. "Na mimi sijui."

Siku zilizobaki tulizitumia hapo. Nisidanganye, hazikuwa siku za furaha. Kila alipoivuta kamba iliyokwama, alikuta imefungwa nyuma zaidi. Alidhani hajui mambo mapya, kumbe kilichomwangusha ni cha zamani. Aljebra ya kidato cha tatu aliyoipita mbio, na pembe tatu ambazo alizihifadhi bila kuzichora hata mara moja. Kurudi kule kulimuuma. Alikuwa amefaulu mitihani hiyo kwa alama za kupendeza, na sasa anakaa na vitabu vya wadogo zake. Mara mbili tatu alivitupa akasema atahama tu. Mimi sikuweza kumwonyesha jibu, maana silijui. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kwa nini, na kusema bado.

Amri niliifuta. Jioni alikuwa anatoka kukaa jamvini na wenziwe, na hapo akaanzisha mchezo wake. Aliyakata maswali yaliyochanganywa, kila moja kikaratasi chake, akayatia ndani ya kawa ya kufunikia chakula. Shangazi yake anatoa kimoja bila kuchagua, anamwonyesha. Yeye halifanyi. Anatakiwa aseme tu atapita njia gani na amejuaje. Akisema amejua kwa sababu "limekaa hivyo," bibi yake anamwambia hata mwizi husema hivyo. Alikosea mara nyingi kuliko alivyopata. Shangazi alisema sasa nyumba hii inachambua vitu viwili, na kimoja ni makonyo matupu.

Wapo watoto wa jirani wanaokwenda vyuoni, na wazazi wao bado wananiletea niwape nasaha kabla hawajaanza kalkulasi hiyo ya pili. Zamani ningewapa hotuba. Siku hizi nawaambia yale niliyoyaona kwenye sakafu ile. Warudi kwanza nyuma, kabla ya mhadhara wa mwanzo, watafute waliporuka. Wasisome jibu la mwenzao lililokwisha kufanywa wakadhani wamelifanya wao, maana jibu la mtu kila hatua yake inaonekana sawa. Wayafanye maswali yasiyotajiwa njia. Na wamtafute mhadhiri ofisini mapema, wiki ile ile wanapokwama, na wasiongoje wakusanye ujinga mpaka uwe mzigo wa kuona haya kuubeba. Hilo la mwisho nikilisema, wazazi wengine hunitazama vibaya. Nawasikia wakiwaambia watoto wao njiani kuwa mhadhiri ni mtu mzito, asisumbuliwe.

Mjukuu wangu aliondoka bila kuniambia ameamua nini. Barua ya kuhama alikuwa ameiandika kwenye simu yake, na nilijua bado haijatumwa, na nilijua kuituma ni kubonyeza tu. Sikumwuliza. Nilipomsindikiza hadi uwanja wa ndege karibu na Chake Chake, tulizungumzia hali ya bahari na habari za wagonjwa wa ukoo.

Nikawa mimi ndiye mfungwa. Wakati wote ule wa kungoja nilikuwa ndani ya nyumba nzima kama yeye alivyokuwa ndani ya chumba. Barazani waliuliza, nikawajibu kwa alhamdulillahi yangu. Simu ikiita, nainuka. Akipiga anaongea na bibi yake, wanataniana, mimi napewa salamu.

Halafu siku moja baada ya Adhuhuri alinipigia mimi. Alisema wamefanya mtihani wa kwanza wa kozi ile na ameanguka. Hakuanguka kwa kidogo.

Nilihisi maneno yanajipanga mdomoni, yale yale. Usiwaambie watu. Yalikuwa tayari, yamekaa juu ya ulimi. Nikayameza, nikamwuliza ni swali gani lililomwangusha.

Akanieleza. Aliijua njia yake, alisema, aliijua mara moja bila kutajiwa, lakini katikati akapotea kwenye aljebra na muda ukamwishia. Siku ya pili yake alikwenda ofisini kwa mhadhiri. Alisimama nje ya mlango mpaka miguu ikamuuma, akarudi bwenini. Kesho yake akenda tena, akaingia, akamwambia hajafahamu. Mhadhiri akamwuliza hajafahamu wapi, naye akaweza kumwonyesha kwa kidole.

"Akasemaje?"

"Akasema nije kila wiki. Na kwamba kwa alama hizi naweza kupata sapu hata nikijitahidi. Hakunificha." Halafu akasema, "Ile barua nimeifuta, Babu. Naweza kutoka na disko. Lakini nimeifuta."

Nikamwambia sawa.

"Babu. Wakikuuliza huko, usiwaambie naendelea vizuri. Ukiwaambia hivyo sitaweza kurudi nyumbani nikishindwa. Waambie nimeanguka na nasoma."

Baada ya Alasiri nilikwenda barazani. Wenzangu walikuwepo wote, na swali lao halikuchelewa. Nikawaambia mjukuu wangu ameanguka mtihani wa kwanza, hesabu hii hakuifahamu tangu mwanzo, mimi nilimlea asiseme, na sasa anasoma upya. Hakuna aliyeitikia. Mmoja akajifanya anatengeneza kofia yake. Mwingine, ambaye nilimfundisha mwanawe darasa la nne, alinitazama kwa muda kama anayetaka kuniuliza jambo la zamani, halafu akauliza la leo.

"Sasa itakuwaje?"

Nikamwambia sijui. Tukakaa.